Perege wa Zigi: shajara ya kuzalisha bwawani na kurudisha mtoni

Nimekulia kando ya Mto Zigi huku Muheza, mkoani Tanga, na perege ninayemwongelea hapa sio sato wa kufuga, ni perege wetu wa asili. Kitaalamu anaitwa Oreochromis korogwe, yaani jina la Korogwe yetu hii hii, alilopewa na mtafiti Rosemary Lowe mwaka 1955, na asili yake ni maji ya Pangani na Zigi. Zamani ukinyanyua mgono, ule mtego wa kusuka, asubuhi unamkuta yeye, sa hivi unakuta kambale, unakuta sato, na unakuta samaki ambao hata wazee wanashindwa kusema ni nani. Tupo watu saba, hakuna mfadhili, hela ni za mifukoni na ki-VICOBA chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Nitaandika kila hatua ikiisha, na gharama zake, ili mwenye mto wake aweze kufuata au aone pa kukwepa.

12 Agosti 2023. Bwawa na wazazi

Bwawa mita 15 kwa 10, kina mita moja upande wa kutolea maji. Vibarua wanne siku sita 240,000. Bomba na chujio 68,000. Chokaa na samadi ya kuku 35,000. Eneo ni la mama yangu mdogo, katupa bure.

Kabla ya kushika hata samaki mmoja tulienda kwa afisa uvuvi wa wilaya na barua ya serikali ya kijiji, maana kutoa samaki mtoni na kuwarudisha ni jambo la ruhusa, usilianze kimya kimya. Ilichukua wiki tano. Nauli na kuprinti 41,000.

Wazazi wametushikisha siku tisa. Aliyetuongoza ni babu mmoja mvuvi wa migono, amevua huu mto tangu mkonge una nguvu na korona, zile mashine za kuchakata mkonge, zinanguruma kila mahali. Tulipata samaki 57, tukarudisha 19 pale pale kwa sababu tuliwatilia shaka. Kipimo chetu ni mkia: sato ana mistari ya wima iliyonyooka toka mwanzo wa pezi la mkia mpaka mwisho, ukimpanua mkia kwenye mwanga unaiona vizuri. Perege wetu hana mpangilio ule. Shida ni machotara wa sato na perege, yule mwenye mistari nusu nusu, mingine imekatika. Huyo tumeamua ukiwa na shaka naye usimchukue, hata kama ni jike nono limejaa mayai. Tumebaki na 38, majike 23 na madume 15.

1 Oktoba 2023. Samadi imezidi

Tumepoteza wazazi wanne kwa uzembe. Maji yalichelewa kuwa ya kijani, mwenzetu akaongeza ndoo tatu za samadi kwa mkupuo, na siku ya nne saa kumi na moja alfajiri samaki wote walikuwa juu wanahema midomo wazi. Hewa kwenye maji ya kijani inakuwa chini kabisa kabla jua halijatoka, mchana huwezi kugundua kitu. Tukafungulia maji mapya mpaka saa tatu. Sa hivi samadi ni nusu ndoo kwa wiki, na ukizamisha mkono mpaka kiwiko usipoona vidole, huongezi.

22 Oktoba 2023. Watoto wa kwanza

Kwa asiyejua: dume anachimba shimo la duara chini kama sahani, jike anataga pale, halafu anayaokota mayai yote mdomoni na kukaa nayo humo mpaka watoto wajiweze, kama wiki mbili hivi, muda wote huo hali au anakula kidogo sana. Jike mwenye watoto utamjua kwa shingo iliyovimba na kichwa kuonekana kikubwa kuliko mwili. Leo tumevuta chandarua pembeni mwa bwawa tukapata vifaranga kama mia tano, wadogo kama punje ya mchele.

Pumba za mahindi gunia mbili 26,000, vumbi la dagaa kilo kumi 30,000.

26 Novemba 2023. Mafuriko

Mvua za El Niño zimetuvuruga. Vuli hii imekuja nzito nchi nzima, huku kwetu usiku wa Jumatano maji yalipita juu ya tuta kwa masaa kama manne. Asubuhi bwawa lilikuwepo, samaki walikuwepo, tukamshukuru Mungu tukaanza kuziba.

Kilichokuja kutuumiza tumekigundua siku tatu baadaye. Jirani wa juu ana bwawa la sato, na lenyewe lilifurika, na njia ya maji ni moja. Nilikuwa nachota vifaranga kwenye beseni jeupe kuwahesabu, nikaona mmoja wa kama inchi mbili, mkia una mistari. Nikadhani macho. Nikachota tena. Katika 60 niliowatoa, 7 walikuwa na mistari wazi, na wengine wadogo mno kujua ni wa nani.

Jirani hana kosa, amefuga kihalali kabisa. Kosa ni letu, tulichimba chini ya bwawa la sato huku tukijua tunachokimbia ni sato.

17 Desemba 2023. Uamuzi

Hii sehemu naiandika kirefu kwa sababu ndipo mradi wenyewe ulipo.

Tulikuwa na vifaranga kama 2,600. Baadhi yetu walisema tuwaachie tu mtoni, kwani sato si yuko mtoni tayari, watapungukiwa nini? Nilikuwa nimechoka na mimi, nilitamani kukubali. Ila fikiria: utafiti uliotoka 2019 ulionyesha sato na ndugu zake wa kuletwa wameshasambaa kwenye mabonde mengi ya mito Tanzania, na mara nyingi waliwapeleka watu wenye nia nzuri, wakiongeza samaki kwenye maji yaliyopungukiwa. Ndicho tulichokuwa tunataka kukifanya. Tungewaachia wale vifaranga, tungekuwa tumempelekea perege wetu adui yake kwa ndoo, na hela ya kumpeleka tumetoa wenyewe.

Tukamwendea babu, maana yeye ndiye alitupa wazazi. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akakaa kimya, akauliza, "Mjukuu wangu, ukimwagiwa maji ya chumvi kwenye mtungi wa maji ya kunywa, utachagua kata ipi ni ya chumvi?" Nikamwambia babu, haiwezekani. "Basi mwaga."

Tukakausha bwawa lote. Wakubwa kidogo waligawiwa majirani wakala, wadogo tulifukia kwenye migomba. Wazazi tuliwakagua mmoja mmoja, wale tuliowatambua kwa alama ya uzi tuliyowafunga tangu Agosti wakarudi mtoni walikotoka. Bwawa limepigwa chokaa na litaachwa jua wiki sita mpaka udongo upasuke. Ukijumlisha chakula na vibarua vya kukausha, hapo imepotea kama 310,000, na mwenzetu mmoja akajitoa. Simlaumu.

3 Machi 2024. Tumeanza upya

Mabadiliko matatu.

La kwanza, tuta limepanda sentimita 70 na mfereji wa kuchepusha maji ya mlimani umezunguka bwawa lote. Vibarua 180,000. Toleo la maji lina wavu wa matundu madogo mara mbili, na la kuingizia hivyo hivyo.

La pili ni ndoa za samaki, samahani kama neno linachekesha ila ndilo tunalotumia. Mwanzo tulimwaga madume na majike pamoja kama wafugaji wanavyofanya. Nikawa nakaa juu ya mti wa mwembe kuangalia, nikaona dume moja kubwa limeshika kona yenye mchanga na linafukuza wenzake wote, majike karibu yote yanaenda kwake. Kwa mfugaji wa kuuza haina neno. Kwetu ni hasara, maana watoto elfu wa baba mmoja ukiwapeleka mtoni umepeleka familia moja. Sasa tuna vizimba 16 vya chandarua ndani ya bwawa, kila kimoja dume moja jike moja. Vyandarua, kamba na miti 152,000.

La tatu tumejifunza kwa samoni. Wamarekani wameanza kuwatotolesha siku nyingi, kituo cha Mto McCloud kule California ni cha mwaka 1872, kwa hiyo makosa mengi wameshayafanya wao kabla yetu. Kwenye Mto Hood, jimbo la Oregon, watafiti walipima vinasaba vya samaki aina ya steelhead, ndugu wa samoni, wakaandika mwaka 2007 kwamba kila kizazi kinachokuzwa kituoni kinapunguza uwezo wa samaki kuzaa watoto wanaoishi mtoni, kwa kama asilimia 40. Kila kizazi! Yaani ukichukua watoto wa bwawani ukawafanya wazazi, halafu watoto wao tena, unatengeneza samaki hodari wa bwawa. Kwa hiyo sheria yetu: wazazi ni wa mtoni tu, wanazaa msimu mmoja, wanarudi, tunachukua wengine. Hakuna mtoto wa bwawani kuwa mzazi hapa.

Wazazi wapya 32, babu kachagua.

6 Mei 2024. Kimbunga

Kimbunga Hidaya kimepita Jumamosi. Tulilala bwawani watu wanne na majembe na tochi, tumefunika toleo kwa viroba vya mchanga. Kwetu imekuwa mvua na upepo tu. Mfereji umebeba maji yote, tuta halijaguswa. Vifaranga tunao kama 1,400.

21 Julai 2024. Tumewaachia, na hawakukaa

Samaki 900, wastani gramu 12, wote tumewakata ncha ya pezi la tumbo la kushoto kwa mkasi mdogo ili tukiwavua tuwajue. Samoni wanakatwa kile kipezi kidogo cha nyama kilicho mgongoni karibu na mkia, perege hana kile. Tuliwafungisha siku mbili bila chakula, tukawabeba alfajiri kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni, mifuko ikaelea mtoni nusu saa ili joto la maji lilingane, kisha tukafungua taratibu. Hakufa hata mmoja njiani. Oksijeni, mifuko na bodaboda tano, 94,000. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, watoto wa shule walikuja, ilikuwa siku nzuri.

Halafu nikabaki na babu kwenye jiwe.

Wale samaki hawakwenda popote. Walikaa juu juu, katikati ya kilindi, kundi moja jeusi. Ndege mdiria alikuja saa mbili, akapiga, akaondoka na mmoja, kundi likatawanyika kidogo likarudi pale pale. Akaja tena. Nikasimama nimfukuze, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisahau: kivuli changu kilipoanguka majini, samaki wote waligeuka na kunifuata, midomo juu, wakisubiri. Miezi mitatu tumewalisha kwa mkono asubuhi na jioni, mtu mwenye ndoo akisogea ni chakula. Tumewafundisha kwamba kivuli ni chakula, na mtoni kivuli ni kifo.

Babu akasema taratibu, "Hawa hawana mama." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema perege wa mtoni akiona kivuli anarudi mdomoni kwa mama yake, ndivyo anavyojua kuogopa, hawa nyinyi mmewanyang'anya mama wakiwa wadogo.

Ndani ya wiki mbili watoto wa kijiji walikuwa wanawavua kwa ndoana na ugali. Migono sita ya babu kwa wiki tatu imepata wetu wanne.

15 Septemba 2024. Mapezi yameota

Tulibakiza 40 bwawani kama kielelezo. Nimewatoa kuwaangalia, na 31 kati yao pezi limerudi! Tulikata ncha tu kwa kuwaonea huruma, na pezi likikatwa ncha linaota tena. Kile kipezi cha samoni hakirudi, ndio maana wao wanakitumia, mimi nikachukua wazo bila kuchukua sababu yake. Kwa hiyo hata ile hesabu ya wanne haiaminiki, huenda walikuwa zaidi.

Dawa: kata karibu na shina, pezi lote, mkasi uchemshwe, na chumvi kidogo kwenye beseni la kupumzikia. Tumejaribu kwa 20, siku 30 hakuna aliyeota pezi kamili, wawili wameota kipande kilichopinda, mifupa yake imekaa kama uzi uliolegea. Ukijua kuangalia huwezi kukosea.

10 Novemba 2024. Mara ya pili

Kazi yote ya miezi hii imekuwa kuwafanya wawe samaki wa mtoni wakiwa bado bwawani.

Watoto sasa wanakaa na mama zao vizimbani mpaka mama mwenyewe awaachie, hatumkamui jike tena ateme watoto. Tunapata wachache, karibu nusu ya zamani, hilo tumelikubali. Tumezungusha ua wa makuti urefu wa mtu na chakula kinapita kwenye bomba la inchi mbili toka nje ya ua, saa hazifanani, na siku nyingine hakipiti kabisa wajitafutie kwenye ukijani. Ndani ya bwawa tumetupa matawi ya mwembe na mawe. Na ili wajifunze kuogopa adui, tumeweka kambale wawili kwenye tenga la fito katikati ya bwawa, wao ndio wanakula perege wanaokufa. Wiki ya kwanza vifaranga walikuwa wanacheza juu ya tenga. Wiki ya tano ukilitikisa tenga, uso wa maji unabaki mtupu.

Wiki iliyopita nilivuka ua nikasimama jua likiwa mgongoni, kivuli kikalala majini. Hakuna aliyekuja. Nilisimama pale muda mrefu kidogo.

Safari hii hatukuwamwaga sehemu moja. Babu alituonyesha vilindi vitano ambako bado kuna mashimo ya duara kwenye mchanga, maji yamepoa, mizizi imeingia majini. Samaki 640, kama 130 kila kilindi, saa kumi na mbili na nusu jioni, hakuna sherehe na hakuna picha. Kwanza walikaa usiku mmoja ndani ya kizimba cha neti pale pale mtoni, alfajiri tukafungua mlango wakatoka wenyewe. Kuna waliokaa ndani mpaka saa nne, tukawaacha.

Ua, bomba, matenga 117,000. Usafiri 38,000, oksijeni tumeiacha kwa sababu ni karibu na tumebeba kwa ndoo zenye vifuniko, wachache wachache. Kijiji kimekubali hakuna ndoana kwenye vilindi vile mpaka masika ipite, na wanaolinda ni wale wale watoto waliokuwa wanavua Julai.

8 Juni 2025. Tumehesabu

Masika imeisha, maji yametulia. Migono 12 kwa siku kumi, vilindi vyote vitano na viwili ambavyo hatukuweka kitu. Perege 83. Wasio na pezi la kushoto 11. Wawili zaidi wana pezi lililopinda. Mmoja alipatikana kwenye kilindi ambacho hatukuweka, juu kama kilomita mbili, kapanda mwenyewe.

Sijui niiteje 13 katika 640, najua tu kwamba ni zaidi ya wanne tuliowatambua katika 900, na hawa wameishi masika nzima.

Yule wa kumi na moja kati ya wasio na pezi ni jike, gramu kama 90. Babu ndiye alimnyanyua kwenye mgono, akanisogezea bila kusema kitu, akaelekeza kidole kwenye shingo. Imevimba. Tulimweka kwenye beseni ili tumwangalie tumbo, na kwa kuhangaika akatema: watoto kama mia na kitu, wenye macho makubwa, kiini kimeshaisha tumboni, wakatawanyika beseni zima kama vumbi. Pezi la kushoto hakuna, ni kovu tu, nimemgusa kwa kidole. Tukazamisha beseni mtoni polepole tukasogea nyuma. Alikaa ametulia, mdomo wazi, na wale watoto wakaanza kurudi, wachache, halafu wote kwa pamoja, wakaingia. Akafunga mdomo akashuka chini kwenye mizizi. Babu alivua kofia.

Mgono wa mwisho siku hiyo hiyo ulikuwa na chotara watatu, mistari imekatika katika. Hawakurudi mtoni.

Mpaka leo, ukiweka na pumba za miezi yote ambazo sijaziandika moja moja, tumetumia kama 1,900,000. Wazazi 30 wa msimu huu wameshaingia vizimbani. Jumamosi tunaenda kwa jirani wa bwawa la sato, kakubali kuweka wavu kwenye toleo lake kama sisi tukinunua. Wavu ni 45,000 na hela ipo.